Njia ya Trei

Mtaa mzima ulijua kwamba binti wa Mzee Trei anasomea udaktari, isipokuwa binti mwenyewe. Yeye alikuwa anasomea hisabati ya biolojia, amebakiza mwaka mmoja, na kila alipolitaja somo lake kwa ukamilifu watu waliidaka ile biolojia wakaiacha hisabati idondoke njiani. Kosa lilianza siku alipopata nafasi chuoni. Baba yake alitoka nje na simu mkononi, akawasomea majirani ujumbe wa chuo kwa sauti, na alipofika kwenye neno biolojia akaona yanatosha. "Daktari huyo," akasema, na watu wakapiga makofi. Binti alikuwa jikoni anamenya viazi. Angeweza kutoka na kuwasahihisha, lakini baba yake alikuwa anacheka kicheko ambacho hakuwa amekisikia kwa muda mrefu, basi akaendelea na viazi vyake.

Jina la Mzee Trei lilitokana na kazi. Nyumba nyingi za mtaa ule zilifuga kuku wa mayai nyuma ya ua, wengine wachache wa kujikimu, wengine banda zima. Yeye mwenyewe alikuwa na banda, na zaidi ya hapo alikuwa na baiskeli yenye kasha kubwa la mbao. Alipita nyumba kwa nyumba akikusanya mayai ya wenzake, akayapeleka sokoni pamoja na yake, na wakati wa kurudi akawagawia trei tupu. Kwa usumbufu huo alichukua kidogo sana, na kwa wajane hakuchukua kitu. Trei zenyewe hazikuwa na mwenyewe. Zilikuwa zile za karatasi ngumu, zimekolea madoa ya yai na kinyesi, na utaratibu ulikuwa kwamba ukitoa tano unarudishiwa tano, zozote zile. Mtu ambaye angesema "hii siyo trei yangu" angeonekana mchoyo mpaka kwa watoto wake.

Ndivyo walivyoishi, na waliishi vizuri. Wasioelewana kwa siasa au kwa mipaka ya ua walielewana kwa mayai.

Likizo ile ndefu kabla ya mwaka wa mwisho, binti alirudi nyumbani akakuta mgonjwa barazani. Alikuwa Mama Pacha, jirani wa ukuta mmoja, ameketi kwenye benchi na mguu wake wa kushoto ameupandisha juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Karibu, Daktari," alisema kabla mkoba wa binti haujashuka begani. "Nimekungoja wewe. Hospitali wameniambia nirudi, nikasema nikapange foleni ya nini na daktari wetu yuko njiani?"

"Shikamoo, Mama Pacha."

"Marahaba. Bonyeza hapa."

Binti akabonyeza kwa adabu. "Umevimba," alisema.

"Hilo hata mimi naliona. Nipe dawa."

"Mama yangu, mimi sisomei kutibu. Nasomea hesabu. Yaani hesabu za viumbe. Ugonjwa unavyoenea, dawa inavyokaa mwilini na kutoka..."

"Basi dawa unazijua."

"Nazijua kwa hesabu tu. Siwezi kukuambia unywe ipi. Turudi hospitali, tafadhali. Nitakusindikiza mwenyewe."

Mama Pacha aliuteremsha mguu taratibu, akamgeukia Mzee Trei aliyekuwa amesimama mlangoni tayari kwa sifa. Alimtazama kama mtu aliyeuziwa yai viza. Mzee Trei alikohoa, akasema ataangalia gurudumu la baiskeli, gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote, akatoweka nyuma ya nyumba. Binti akamsindikiza Mama Pacha hospitali kweli, na njia nzima yule mama hakumwita Daktari wala kwa jina lingine.

Kuanzia siku hiyo mzee akawa mtu wa kuepuka vijiwe. Rafiki zake walimtania. "Binti yako ni daktari wa namba," walimwambia. "Namba zikiumwa tutakuletea." Alicheka pamoja nao, lakini nyumbani alivua kofia akaitupa kwenye kiti.

*

Shangazi alikuja Jumapili. Alikuwa mkunga wa siku nyingi, mwenye sauti iliyozoea kuamuru watu walio katika uchungu, na ndiye aliyekuwa akimlipia binti hosteli na chakula chuoni. Kwa hiyo alipoketi, kila mtu aliketi.

"Nimepata nafasi," alisema. "Chuo cha utabibu. Mkuu wake namfahamu. Watampokea huyu kwa masomo aliyokwisha kusoma, hataanza mwanzo kabisa."

Binti aliangalia mikono yake. Mama yake alisogeza vikombe ambavyo havikuhitaji kusogezwa.

"Shangazi, nimebakiza mwaka mmoja tu."

"Mwaka mmoja wa kuwa nani? Nieleze. Ukimaliza unakuwa nani?"

"Inategemea. Wengine wanaajiriwa kupanga chanjo, zipelekwe wapi kwanza na zitoshe vipi. Wengine wako kwenye viwanda vya dawa, wanakokotoa dozi ya mtoto na ya mtu mzima. Wapo wa uvuvi, wanakadiria samaki wavuliwe kiasi gani wasije wakaisha. Wapo wa mbegu, wa misitu, wa bima. Wengine wanabaki kufundisha."

Shangazi alikuwa anakunja vidole. Mkono mmoja ukaisha, akahamia wa pili. "Hizo ni kazi za watu saba," alisema. "Mimi nimeuliza yako wewe."

Binti alikuwa na jibu, ila halikuwa jibu la kupewa shangazi Jumapili mchana. Mwaka wa kwanza mwalimu wao aliingia darasani, akachora ubaoni mstari mmoja unaopanda, unaochoka, unaoshuka, akasema: hii ni surua katika mji mmoja, na sasa tutauliza kwa nini ilichoka pale ilipochoka. Binti alisahau kuandika. Hakuwahi kujua kwamba jambo la kutisha namna ile lina umbo, na kwamba umbo hilo linaweza kuulizwa swali. Tangu siku hiyo alilipenda somo lake kama watu wengine wanavyopenda mtu.

"Mwanangu," baba yake alisema, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa ya kuomba. "Hakuna anayekukataza kusoma. Nataka usome kitu chenye jina. Mtu akiniuliza niwe na neno moja la kumjibu. Sasa hivi nikiulizwa natoa hotuba, na mwisho wa hotuba hata mimi sijaelewa."

"Kaka, wewe ndiye baba," shangazi akamalizia. "Nafasi hiyo itanisubiri mpaka vyuo vifunguliwe. Nipigie unipe jibu. Mimi siwezi kuendelea kulipia kitu nisichojua kinakwenda wapi."

Mzee Trei akasema atafikiri. Katika nyumba ile, baba akisema atafikiri, maana yake ameshakubali nusu.

*

Wiki hiyohiyo kuku wakaanza kufa.

Walianza kwa Mama Pacha. Asubuhi alikuta watatu wamelala wamepinda shingo, jioni akakuta wengine, na kabla wiki haijaisha banda lake lilikuwa kimya kiasi cha kusikia nzi. Zikafuata nyumba mbili za mbele, kisha moja iliyo mbali kabisa, karibu na shule, kisha nyingine tena. Watu walisimama uani mwao wameshika viuno. Kuku wale ndio waliokuwa ada za shule, ndio waliokuwa chumvi na sabuni.

Kwa kuwa lazima pawe na wa kulaumiwa, wakampata Muuza Pumba. Alikuwa mgeni, hana hata miaka miwili mtaani, ana kibanda cha chakula cha kuku kando ya barabara na nusu ya mtaa ilinunua kwake. Mtu mmoja alisema pumba zake zina harufu. Kesho yake harufu ikawa ukungu, keshokutwa ukungu ukawa sumu. Watoto walipita mbele ya kibanda wakiimba "sumu, sumu," na mama zao hawakuwanyamazisha. Mtu asiyejulikana alimwaga gunia lake zima barabarani. Binti alimkuta amepiga magoti anazoa pumba zilizochanganyika na mchanga, akainama kumsaidia.

"Acha, mwanangu," Muuza Pumba alisema bila kuinua uso. "Wakikuona utapata tabu bure."

"Wewe unafuga?"

"Ninao kumi nyuma ya kibanda. Wanakula hizihizi. Wazima." Akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Nikiwaambia hivyo wanasema mchawi hajirogi."

Neno hilo lilimkaa binti kichwani. Kuku wa Muuza Pumba wazima. Na kuku wa nyumbani kwao, wanaokula pumba zilezile, wazima. Na wa fundi cherehani pia, ingawa ukuta wake unagusana na nyumba iliyopoteza wote. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuuliza. Wa kwanza alikufa lini? Dalili zipi? Uliwachanja? Mayai unauza wapi?

Hakupokewa kwa shangwe.

"Mguu ulikushinda, sasa umehamia kwa kuku?" Mama Pacha alimwambia, huku mguu wenyewe ukiwa umeshapungua kwa dawa za hospitali. "Unauliza kuku wangu amekufa lini ili iweje, umsomee wasifu?"

"Nataka kujua ugonjwa umepita wapi."

"Umepita hapa. Banda lile pale. Nenda ukalitazame."

Akaenda akalitazama. Pembeni ya mlango palikuwa na trei zimepangwa, za juu zina kinyesi kilichokauka. Aliinama akaziangalia muda mrefu.

*

Mama yake alikuwa anachambua maharage mezani. Binti alivuta kiti, akachukua konzi moja akayapanga kwenye sinia, harage moja kwa kila nyumba, kama mtaa ulivyokaa. Akaanza kuyasogeza pembeni moja baada ya jingine kwa mpangilio ambao kuku walikufa. Mama alimtazama akidhani ni mchezo. Halafu mkono wake ukaacha kuchambua.

"Rudia," alisema.

Binti akarudia. Kwa Mama Pacha, nyumba mbili za mbele, kuruka mpaka karibu na shule, kurudi kwa mjane mmoja, kushuka kwa mwenye duka. Fundi cherehani anayeuzia mayai yake dirishani alirukwa. Muuza Pumba alirukwa. Mama alinyoosha kidole akakipitisha juu ya maharage bila kuyagusa, akakata kona pale ambapo baiskeli hukata kona.

"Hiyo ni njia ya baba yako," alisema.

"Ya kurudi. Anagawa trei akitoka sokoni. Zile zilizotoka kwenye banda lenye ugonjwa anaziacha kwenye banda zima."

"Na sisi?"

"Sisi wa mwisho. Anaanzia kwa Mama Pacha, anazunguka mtaa mzima, ndipo anaingia kwetu. Akifika hapa kasha limeshaisha trei za watu. Mayai yetu yeye anapanga kwenye zile mpya anazonunua sokoni."

Mama alimfahamu mume wake. Kwa mzee, ile safari ya mayai haikuwa biashara. Ndiyo heshima yake, ndiyo sababu watu walimsogezea kiti na kumchagua mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji. Kesho yake mchana kikundi kingekutana, na yeye ndiye angesoma uamuzi wa kumfukuza Muuza Pumba.

"Mwambie wewe, Mama," binti alisema.

"Nikimwambia mimi atadhani ni ugomvi wa ndani. Na unajua bado hajampa shangazi yako jibu."

"Najua."

"Ukimwambia haya, na alivyo sasa hivi, unajua jibu litakuwa lipi."

Binti aliyarudisha maharage kwenye ungo, moja moja. Alikuwa anaogopa, na alikuwa mkweli kiasi cha kujua kwamba alikuwa anaogopa kwa ajili yake mwenyewe. Angenyamaza siku chache tu, baba angeweza kulainika, wangeongea vizuri. Lakini siku chache zilikuwa nyumba nyingine nne au tano. Na Muuza Pumba alikuwa ameshaanza kufunga mizigo.

"Nitamwambia kesho asubuhi," alisema.

"Mwambie kabla hajavaa koti," mama alimshauri. "Akishavaa koti haelewi kitu."

*

Mzee Trei alikuwa bandani anaosha vyombo vya maji ya kuku. Alimsikiliza binti yake akiwa amechuchumaa, mgongo kamuelekezea, brashi inazunguka ndani ya chombo. Ilipofika katikati ya maelezo brashi ikasimama.

"Kwa hiyo mimi ndiye muuaji," alisema.

"Sijasema wewe, Baba. Nimesema trei."

"Trei zina miguu?"

Kuku walikuwa wanatembea katikati yao, wanadonoa kamba za viatu vya binti.

"Hii umeipata chuoni?"

"Namna ya kuuliza nimeipata chuoni. Majibu nimeyapata kwa majirani."

"Wanajua?"

"Hawajui. Mimi na Mama tu. Nilitaka wewe ujue kwanza." Sauti yake ilikuwa inatetemeka na hakuweza kuizuia. "Baba, wewe umewabeba watu hawa miaka yote. Hukujua. Hakuna aliyejua. Lakini ukisoma ule uamuzi leo watamfukuza mtu asiye na hatia, na kesho utazunguka tena na ugonjwa."

Mzee alinyanyuka kwa shida, kama mtu aliyezeeka pale pale alipochuchumaa. Alimtazama binti yake. Kisha akasema maneno yaliyomchoma binti kuliko kama angempiga. "Nimekusomesha ili uje uniambie hivi."

Akatoka. Mchana binti na mama yake wakamwona anapita uani kuelekea kwenye mkutano, amevaa koti.

*

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, na hali hiyo ilizidisha hasira. Muuza Pumba alisimamishwa mbele, karibu na ubao. Bwana Mifugo, afisa wa serikali, alikuwa ameitwa athibitishe sumu, akaketi pembeni na begi lake mapajani. Binti na mama yake walisimama nyuma mlangoni.

Mzee Trei alisimama. Alitoa karatasi ya uamuzi mfukoni mwa koti, akaikunja tena.

"Kabla sijasoma," alianza, "nina swali. Kuku wangu mimi wanakula pumba za huyu bwana. Mbona wazima?"

"Una bahati," mtu mmoja akasema.

"Sina bahati. Nina trei mpya." Aliirudisha karatasi mfukoni. "Ninyi nawapa za zamani. Nazitoa kwa huyu nampelekea yule, na hakuna aliyewahi kuzisafisha, mimi nikiwa wa kwanza. Ugonjwa umetembea ndani ya kasha langu, nyumba kwa nyumba, kwa njia yangu. Nimeikagua kichwani tangu asubuhi nikitafuta nyumba moja ya kunitetea. Sikuipata. Huyu bwana hajafanya kitu. Mimi ndiye niliyewaletea, na ninawaomba radhi."

Binti alimshika mama yake mkono.

Kelele zilizuka. Mwenye duka alisema mzee anamkinga mgeni. Mwingine akacheka kwa dharau: kumbe Mzee Trei anatuletea trei na kifo kwa bei moja. Mama Pacha alisimama, dawati likamng'ang'ania, ikabidi alivue kama sketi, na hakuna aliyethubutu kucheka. "Kuku wangu nani atanirudishia?" aliuliza.

"Nitaanza na wewe," mzee alijibu. "Wangu wapo. Tutagawana, hali ikitulia. Hawatatosha wote, lakini sitabaki na banda limejaa wakati yenu ni matupu."

Bwana Mifugo aliomba nafasi. Alisema kuku aliowapasua hawakuwa na sumu, walikuwa na ugonjwa wa mdondo, na mdondo husafiri kwa kinyesi, kwa viatu, kwa trei, na karibu wote mle ndani walikuwa wameacha kuchanja. Watu wakatazama madawati. "Lakini njia yenyewe," aliuliza, "nani aliifuatilia?"

Mzee Trei akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Binti yangu."

Ikabidi apite mbele. Bwana Mifugo alimuuliza itakuwaje, chanjo aliyonayo haitoshi mabanda yote, waanze wapi. Binti alichukua chaki achore mabanda ya mtaa. Alipogusa ubao woga ukamwisha.

"Ni kama umbea," alisema, na baadhi wakainua vichwa. "Ukiambiwa jambo ukawaambia wawili, na wale wawili kila mmoja akawaambia wawili, jioni mtaa mzima unajua. Lakini kama wengi wakiambiwa wananyamaza, mmoja tu hapa na pale ndiye anasema, umbea unakufa wenyewe. Siyo lazima kila mtu anyamaze. Ugonjwa huu kila banda lilikuwa linaambukiza mawili au matatu. Tukichoma trei zote leo, na kila mtu akabaki na zake za plastiki za kuoshwa, tunaishusha idadi hiyo. Chanjo iliyopo tuipeleke kwanza kwenye mabanda mazima yaliyo katikati, haya hapa, kwa sababu ndiyo yanayogusana na wengi. Kila banda likiambukiza chini ya moja, utazimika."

"Katika huu mtaa umbea hautazimika," Mama Pacha alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi watu wakacheka pamoja.

Bwana Mifugo alinakili mchoro ule. Alisema ofisini kwao kazi hii inafanywa na mtu mmoja tu kwa eneo zima, naye anakaribia kustaafu, na kila mwaka wanatangaza nafasi wanaletewa watu wa kutibu, hawaletewi wa kuhesabu. Alisema hivyo kama mtu anayelalamikia kazi yake, hakujua amemwambia nani.

Muuza Pumba alikuwa bado amesimama pale ubaoni, hakuna aliyekumbuka kumwambia akae. Mzee Trei alimwendea, akampa mkono, akaona hautoshi, akamkumbatia. Yule bwana alilia waziwazi mbele ya watu waliokuwa wamekuja kumfukuza. "Nilishafunga mizigo," alirudia mara mbili. Mwenye duka aliondoka akinung'unika, na wengine wawili wakamfuata. Waliobaki walikwenda kuchoma trei.

Zilitoa moshi mzito wenye harufu ya manyoya. Mzee alisimama karibu na moto kuliko wengine wote mpaka zikaisha.

*

Mdondo uliua mabanda mengine mawili, halafu ukasimama. Siku chache kabla ya vyuo kufunguliwa, shangazi alipiga simu mwenyewe, maana alichoka kungoja. Mzee Trei alikuwa uani na binti anaosha vyombo vya kuku pembeni yake. Tangu siku ya bandani walikuwa wanazungumza kwa upole wa wageni, na lile suala la chuo hakuna aliyeligusa. Mzee aliweka simu kwenye spika kwa sababu sikio lake moja ni zito.

"Kaka, nangoja jibu langu."

"Jibu ni kwamba anarudi kwenye hesabu zake."

Binti aliacha kuosha.

"Za kumfanya nani?" shangazi aliuliza.

"Nimeelezwa, nimeelewa nusu. Hiyo nusu inanitosha. Sikiliza, dada. Mtoto huyu aligundua kwamba mimi ndiye ninayesambaza ugonjwa. Mimi ambaye alikuwa anangoja neno langu. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza mpaka nikubali, ndipo aseme. Akaja akaniambia anatetemeka. Mimi nikamjibu vibaya, nikamjibu maneno ambayo baba hafai kumwambia mtoto." Hakumtazama binti. "Na alikuwa ameniokoa. Bila yeye ningemfukuza mtu wa watu kwa kosa langu mwenyewe, halafu nipande baiskeli nikaendelee. Kama hayo ndiyo anayofundishwa, mimi simtoi."

Upande wa pili kilisikika kiti kikivutwa.

"Kuhusu hosteli," mzee aliendelea, "ukiacha hapa sitakulaumu. Umetubeba mpaka tulipofika, dada yangu, na sijawahi kukushukuru inavyostahili. Nakushukuru sasa."

"Nani amesema naacha? Mpe simu."

Binti alipokea kwa mikono iliyolowa. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nikuulize jambo. Kule wodini kuna miezi kina mama wanajaa mpaka wanalala chini, na miezi mingine wakunga tunakaa tunasinzia. Hizo hesabu zako zinaweza kuniambia mapema ni miezi ipi?"

Binti alifikiri kwa makini, kama alivyofundishwa, kwa sababu hakutaka kuahidi asichokijua. "Nikipata takwimu zenu za miaka ya nyuma, zinaweza. Siyo kwa uhakika kabisa. Lakini zinaweza."

"Basi rudi ukasome," shangazi alisema, na sauti yake ya kuamuru ikawa imechoka ghafla. "Mimi nimekuwa nikibahatisha tangu hujazaliwa."

Binti alitaka kushukuru. Alifungua mdomo, machozi yakatangulia. Baba yake alimtazama, akaichukua ile simu taratibu mkononi mwake, akaisogeza kwenye sikio lake zima.

"Anashukuru," alisema. "Sote tunashukuru."